Vichezeo vya Zamani Katika Darasa la Awali: Namna ya Kuvitumia Kufundishia

Mtoto anayeingia darasa la awali kwa mara ya kwanza hukutana na mambo mengi mapya kwa siku moja. Hukuta sura asizozijua, kengele, foleni, na mara nyingi Kiswahili ambacho nyumbani kwao hakizungumzwi kila siku. Katika shule nyingi za vijijini, hasa shule shikizi, mwalimu humpokea mtoto huyo bila kuwa na kichezeo hata kimoja kilichonunuliwa. Kiwango kilichowekwa na Serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini yapo madarasa yaliyopita idadi hiyo kwa mbali. Pale ambapo watoto ni wengi na zana hakuna, kufundisha hugeuka kuwa kuitikia irabu na namba kwa pamoja kutoka ubaoni. Mtoto aliyekaa nyuma hupaza sauti pamoja na wenzake, naye hajui anachokisema.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuondokana na hali hiyo kwa kutumia vitu ambavyo wazazi na mabibi wa leo walivitengeneza kwa mikono yao walipokuwa watoto: gari la waya, kititia, simu ya makopo, mdako, mpira wa matambara na mwanasesere wa gunzi. Imeandaliwa kwa ajili ya walimu wa awali, walezi wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, kamati za shule na wazazi.

Kwa nini vichezeo hivi hufundisha

Kutumia kichezeo kama zana ya kufundishia si jambo geni katika taaluma ya ualimu. Mwaka 1837 mwalimu Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua taasisi ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, na miaka mitatu baadaye akaiita kwa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Zana ya kwanza aliyompa mtoto ilikuwa mipira laini ya nyuzi, sita kwa idadi, kila mmoja na rangi yake. Mpira wa nyuzi na matambara unaosokotwa na watoto wa vijijini haukuachana mbali na zana hiyo.

Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua shule ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma. Aliona kuwa zana bora ni ile inayomwonyesha mtoto kosa lake bila kumsubiri mtu mzima. Kipande kisichoingia katika tundu lake humwambia mtoto kwamba amekosea, naye hujaribu tena.

Hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya vichezeo vya zamani katika darasa lililojaa. Gari la waya lenye gurudumu lililopinda huenda upande. Simu ya makopo ambayo uzi wake umelegea haipitishi sauti. Kititia kilichokazwa mno kwenye kijiti hakizunguki. Katika kila hali mtoto huona kosa kwa macho yake, huligusa, hulirekebisha na huona matokeo papo hapo. Mwalimu mmoja hawezi kusahihisha watoto 60 kwa wakati mmoja, bali vichezeo 15 vilivyotengenezwa vizuri vinaweza kusahihisha makundi 15 wakati mwalimu akizunguka na kuuliza maswali.

Kichezeo cha dukani chenye betri mara nyingi hakitoi nafasi hiyo. Mtoto hubonyeza kitufe, kikalia, na siri yake ikabaki imefungwa ndani ya plastiki. Siku kinapoharibika hutupwa. Gari la waya halina kilichofichwa, kwa maana ekseli yake inaonekana, na kinachoharibika hurekebishwa na aliyekitengeneza.

Kumbukumbu ni za mtu mzima

Hata hivyo, walimu na wazazi wanapaswa kujihadhari na jambo moja. Furaha anayoipata mtu mzima akiona gari la waya hutokana na kumbukumbu za utoto wake. Mtoto wa leo hana kumbukumbu hizo. Kwake gari hilo ni kitu kipya, na litamvutia iwapo tu ataruhusiwa kulishika, kulivuta na hata kuliharibu. Darasa ambalo vichezeo vya jadi vimetundikwa ukutani ili wageni wavitazame halijafundisha chochote.

Aidha, vingi vya vichezeo hivyo zamani vilitengenezwa na watoto wa miaka 8 hadi 12, si wa miaka 4 au 5. Mtoto mdogo alisogea karibu, akamtazama kaka yake akikunja waya, akatumwa kuokota vizibo, kisha akapewa zamu ya kuvuta. Utaratibu huo unafaa kufuatwa hata shuleni. Watu wazima na wanafunzi wa madarasa ya juu wakate, wakunje na watoboe. Watoto wa awali wachague, wahesabu, wapange, wafunge uzi, wapake rangi, wajaribu na waeleze kilichotokea.

Vichezeo sita na mafunzo yake

*Gari la waya au la boksi.* Hutengenezwa kwa waya laini, katoni au bua la mtama, na magurudumu hukatwa kutoka kandambili zilizochakaa au hutumiwa vizibo vya chupa. Hufundisha maumbo, kwani mtoto akifungiwa gurudumu la pembe nne mara moja huelewa sababu ya magurudumu yote kuwa duara. Hufundisha idadi kwa magurudumu, mahali kwa maneno kama mbele, nyuma, juu na chini, na uzito kwa mzigo unaopakiwa. Akilivuta juu ya saruji, juu ya nyasi na juu ya mchanga, mtoto hutambua kwamba njia nayo huamua mwendo.

*Kititia.* Pwani hufumwa kwa vipande vya kuti la mnazi. Bara hutosha karatasi ngumu iliyokunjwa na kuegemezwa kwenye kijiti. Mtoto akisimama mahali pasipo upepo, kititia husimama, na akikimbia, huzunguka. Hapo hujifunza kwamba hewa ipo ingawa haionekani, somo ambalo ni gumu kulieleza kwa maneno matupu. Kupuliza polepole na kwa nguvu huzoesha pia midomo na pumzi kabla ya kutamka sauti za herufi.

*Simu ya makopo.* Vikombe viwili vya mtindi au viberiti viwili vitupu huunganishwa kwa uzi wa mita 5 hadi 10. Mmoja huzungumza, mwingine husikiliza. Uzi ukikazwa sauti hufika, na ukilegea au ukishikwa katikati sauti hukatika. Mwanasayansi wa Uingereza Robert Hooke alikwisha kuandika mwaka 1665 kuhusu sauti kusafiri katika waya ulionyooshwa, zaidi ya miaka 200 kabla ya Alexander Graham Bell kupata hataza ya simu mwaka 1876. Katika darasa la awali kifaa hiki hufundisha zaidi adabu ya mazungumzo: kusubiri zamu, kusikiliza hadi mwisho, kusalimia na kuaga. Mtoto mwenye haya, asiyethubutu kusema mbele ya darasa, mara nyingi hufungua kinywa akizungumza na mtu mmoja tu upande wa pili wa uzi.

*Mdako na bao.* Katika mdako, mchezaji hukaa kando ya kishimo chenye vijiwe, hurusha kijiwe kimoja juu na kutoa vingine kabla hakijatua, kisha hurudisha baadhi ndani. Mtoto wa miaka 5 aanze bila kurusha. Apewe vijiwe 5, atoe 2, aseme vilivyobaki. Atoe 4, aseme tena. Kwa wiki moja ya mchezo huo atakuwa amezijua njia zote za kuigawa namba 5, na huo ndio msingi wa kujumlisha na kutoa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kanuni zake ni nzito kwa mtoto wa umri huo. Inatosha kumchimbia mashimo 8 mchangani au kumpa trei la mayai ili apande kete moja katika kila shimo. Kwa kufanya hivyo huzoea kwamba neno moja la kuhesabu huenda na kitu kimoja, jambo ambalo watoto wengi wanaoimba namba hadi 20 bado hawajaling'amua.

*Mpira wa matambara.* Zamani mipira mingi ilifungwa kwa mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019, nayo ni hatari kwa pumzi ya mtoto mdogo. Matambara yaliyosokotwa kwa nyuzi za katani hutosha. Mpira ukitengenezwa katika ukubwa tatu tofauti, mtoto hujifunza kulinganisha kubwa, ndogo na ya wastani. Mpira huleta pia mazoezi ya mwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kwa siku, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja. Kusukuma ringi la baiskeli kwa kijiti nako huingia katika hesabu hiyo.

*Mwanasesere wa gunzi au wa udongo.* Gunzi la muhindi likivishwa kitambaa huwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Udongo wa mfinyanzi huwa ng'ombe, chungu au nyumba. Mchezo wa kuigiza humpa mtoto nafasi ya kusema yaliyo moyoni mwake: anayemwogesha mwanasesere kabla ya kumlaza ameelewa usafi, na anayempiga kila mara huenda anaonyesha yale anayoyaona. Mwalimu asimkemee. Amwangalie, amsikilize, na inapolazimu atafute ushauri wa afisa ustawi wa jamii. Udongo, kwa upande wake, hukaza vidole ambavyo baadaye vitashika penseli.

Vyombo vya nyumbani vya zamani

Mbali na vichezeo, nyumba nyingi zina vyombo ambavyo havitumiki tena au vinatumika mara chache: pasi ya mkaa, koroboi, redio ya betri, mizani ya mawe, cherehani ya kukanyaga, kinu na mchi, mbuzi ya kunazia nazi. Kila kimoja kiliundwa na mtu aliyekuwa na shida fulani akatafuta namna ya kuitatua. Hilo ndilo jambo la kumfundisha mtoto.

Njia iliyo nyepesi ni kuleta chombo kimoja kwa wiki na kuuliza maswali matatu: Kilimsaidia nani? Kilifanyaje kazi? Leo watu hutumia nini badala yake? Koroboi ionyeshwe bila mafuta na bila moto, ikae mezani pamoja na tochi na balbu. Pasi iwe baridi na tupu. Mizani iachwe mikononi mwa watoto wapime mchanga, mawe na majani, waone kuwa kitu kikubwa si lazima kiwe kizito.

Kwa kazi hii mgeni mwalikwa ana nafasi kubwa. Bibi aliyenyoosha sare za shule kwa pasi ya mkaa anaijua habari yake kuliko kitabu chochote. Akifika darasani, watoto humwamkia shikamoo, humkaribisha kiti, humsikiliza na humuuliza maswali. Katika kipindi hicho kimoja hujifunza historia, lugha na heshima kwa pamoja. Mwalimu amwombe mgeni atumie dakika chache tu, aonyeshe kwa vitendo, na aache muda wa watoto kugusa.

Mfano wa somo la wiki moja: gari

Mpango ufuatao unaweza kutekelezwa na mwalimu yeyote wa awali. Kila kipindi kichukue takribani dakika 20, na watoto wafanye kazi katika makundi ya wanne au watano.

Jumatatu: kuchunguza. Mwalimu huleta magari yaliyokwisha kutengenezwa, mengine mazima na mengine yenye kasoro ya makusudi. Watoto huyavuta na kueleza wanachokiona. Mwalimu hajibu, huuliza tu.

Jumanne: kuhesabu na kupanga. Watoto hupewa rundo la vizibo, vipande vya kandambili na vijiti. Hutenga vya duara na visivyo duara, vikubwa na vidogo, kisha huhesabu vinavyotosha gari moja, halafu magari mawili.

Jumatano: kuunda. Wanafunzi wa darasa la tano au la sita huja kusaidia kwa kipindi kimoja. Wao hukunja waya na kutoboa. Watoto wa awali huchagua magurudumu, huyapachika na kupamba bodi.

Alhamisi: kujaribu. Magari hushindanishwa juu ya ubao ulioinamishwa, kwanza ukiwa umeinama kidogo, kisha zaidi. Kabla ya kila jaribio watoto hutabiri lipi litafika mbali. Umbali hupimwa kwa nyayo.

Ijumaa: kusimulia. Kila kundi hueleza safari ya gari lake. Mwalimu huandika ubaoni neno moja kutoka katika kila simulizi, kama vile gari, njia au mzigo, na watoto huitambua sauti ya kwanza ya neno hilo.

Mafanikio ya somo hutegemea namna ya kuuliza. Mazungumzo yafuatayo ni mfano:

"Gari lako limegoma?"

"Ndiyo, mwalimu. Halitaki kwenda."

"Unadhani limezuiwa na nini?"

"Gurudumu hili halizunguki."

"Na lile la mwenzako linazunguka. Yana tofauti gani?"

"La kwake halijakazwa sana."

"Basi jaribu kulegeza la kwako, uniambie limefanyaje."

Katika mazungumzo hayo mwalimu hakutoa jibu hata moja. Mtoto ndiye aliyelinganisha, aliyetafuta sababu na aliyechukua hatua. Kama mwalimu angelichukua gari hilo na kulirekebisha mwenyewe, gari lingekwenda, lakini somo lingekwisha hapo.

Upimaji nao ufanyike kwa kutazama, si kwa mtihani. Mwalimu achague watoto watano kila siku na kuandika katika daftari lake: Je, mtoto anahesabu kitu kimoja kwa neno moja? Anataja sababu? Anasubiri zamu? Anaomba msaada kwa maneno? Kwa darasa la watoto 60, kila mtoto atakuwa ameangaliwa mara moja katika kila siku 12 za masomo, na wale wanaohitaji msaada zaidi watajulikana mapema.

Kila mtoto ahusishwe

Mtoto anayezungumza lugha ya nyumbani pekee anakijua kichezeo kabla ya kulijua jina lake la Kiswahili. Mwalimu amwache alitaje kwa lugha yake, kisha amwambie la Kiswahili, na darasa zima lirudie. Neno linaloshikamana na kitu kilichomo mkononi halisahauliki upesi.

Magari yasiwe ya wavulana na wanasesere wasiwe wa wasichana. Msichana anayetafuta sababu ya gurudumu kugoma ameanza sayansi, na mvulana anayembembeleza mwanasesere ameanza malezi. Wote wawili watazihitaji stadi hizo ukubwani.

Kwa mtoto asiyeona, mpira utiwe njuga ndani, na kayamba na simu ya makopo zipewe nafasi zaidi. Kwa mtoto asiyesikia, kititia, udongo na gari hufaa, naye anaweza kuuhisi mtetemo wa uzi wa simu kwa kidole. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa miguu au wa mikono, gari lifungwe usukani mrefu au kipini kinene kinachoshikika kwa urahisi. Mzazi asimfiche mtoto huyo nyumbani. Nafasi yake ipo darasani pamoja na wenzake.

Usalama kwanza

Kutumia vitu vilivyookotwa kunahitaji uangalifu. Walimu na wazazi wazingatie yafuatayo:

1. Makopo na madumu yaliyowahi kuwa na viuatilifu, dawa za mifugo, rangi au vilainishi yasitumike kabisa, hata yakioshwa.

2. Betri zisiwepo katika vifaa vya watoto. Betri ndogo za duara zikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Ikitokea, mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja.

3. Mbegu, kete na vijiwe vidogo visiwe karibu na watoto walio chini ya miaka 3. Kitu chenye upana usiozidi sentimita 4 kinaweza kuziba koo. Hata kwa wakubwa, mbegu zihesabiwe wakati wa kugawa na wakati wa kukusanya, kwa kuwa maharage yaliyoingizwa puani au sikioni huvimba.

4. Ncha za waya zikunjwe ndani na kufunikwa kwa kitambaa. Kingo za makopo ya bati zipigwe zilale, au vitumike vikombe vya plastiki.

5. Vitu vya zamani vyenye rangi inayobanduka visitumike, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto.

6. Manati yasiingie darasani. Yamo katika kumbukumbu za wengi, lakini jicho likipotea halirudi.

7. Vifaa vyote vioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kutumika na kila mwisho wa wiki.

Nani afanye nini

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inaitaja haki ya kucheza na kupumzika miongoni mwa haki ambazo mzazi au mlezi anawajibika kumpatia mtoto. Nayo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Desemba 2021, inaiweka fursa ya ujifunzaji wa awali sambamba na afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama. Mchezo wa mtoto, kwa hiyo, si jambo la kungoja mpaka kazi zote ziishe.

Mzazi anaweza kuanza nyumbani jioni hii hii kwa kumtengenezea mtoto kichezeo kimoja mbele ya macho yake, akimweleza kila anachokifanya. Baba anayekunja waya akiwa na mwanawe pembeni anamfundisha kupanga, kuvumilia na kumaliza alichokianza.

Kamati ya shule inaweza kutenga siku moja ya kutengeneza zana, ambapo mafundi baiskeli, washonaji, wafinyanzi na wazee wa kijiji huchangia saa chache za ujuzi wao. Ukusanyaji wa vizibo, vitambaa na mabua uwe wa hiari, na mtoto yeyote asirudishwe nyumbani kwa kukosa kuleta kopo.

Mwalimu mkuu ahakikishe darasa la awali lina kona za ujifunzaji, na kwamba vifaa vimewekwa mahali ambapo mtoto anafika kwa mkono wake. Kabati lililofungwa kwa kufuli halimsaidii mtoto.

Afisa elimu kata ndiye wa kuonwa na walimu wanaohitaji mafunzo au wanaotaka kutembelea shule nyingine ili kubadilishana uzoefu. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vipate ushauri na utaratibu wa usajili kwa afisa ustawi wa jamii. Mzazi anayeona mtoto wake hachezi, haitiki akiitwa au hatamki maneno kama wenzake wa umri wake asisubiri. Ampeleke zahanati au kituo cha afya kilicho karibu achunguzwe.

Wapo wazee katika kila kijiji ambao bado wanajua kufuma kititia na kufunga mpira usiofumuka. Ujuzi huo haukuandikwa mahali pengi, nao hupungua kila mzee anapofariki dunia. Shule inayowaalika mwaka huu itapata zana za kufundishia bila gharama kubwa, na watoto wake watajua kwamba kitu kisichofanya kazi kinaweza kuchunguzwa na kurekebishwa. Walimu walio tayari kuanza wapange somo la gari katika wiki ya kwanza ya muhula ujao, na matokeo yake yajadiliwe katika kikao cha wazazi kitakachofuata.